Uzi wa Bandi Niliompa Zaina

Mimi ni mkosaji. Naanza hivyo ili msinionee huruma mapema kwa sababu ya uzee wangu. Kosa hili nililifanya nikiwa na akili yangu yote, macho mazima, tumbo limeshiba.

Najua wanaowaandikia ninyi wa gazeti huficha majina. Mimi nimeficha langu. Ya wengine siwezi. Mungu alininyima shule akanipa majina: nikisikia jina mara moja, halitoki tena. Watu wa Kindu watanijua kabla ya kufika katikati ya barua hii. Basi, wanijue!

Nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa shule ya msingi, kule Lokandu, halafu baba akasema imetosha. Lakini mjomba wangu Shabani alikuwa fundi wa nguo, na mimi nilijua cherehani kabla sijajua kupika wali.

Vita ilipofika Kindu, walimu wengi walivuka mto wakaenda zao. Kwenye shule ya sekondari ya wasichana, upande wa ushonaji, akabaki Madame Veronika peke yake na darasa limejaa. Mkuu wa shule, Perefe Amisi, akanichukua niwe msaidizi wa mwalimu. Kazi yangu ilikuwa kutia uzi kwenye cherehani, kupaka mafuta, kusimama nyuma ya wasichana na kusema "nyoosha, nyoosha." Karatasi zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo asubuhi niliita majina kwa kichwa. Albertine, Feza, Mwajuma, Riziki, Sikujua, Tabu, Zaina. Mpaka leo naweza kuwaita, wanaoitika na wasioitika.

Mshahara ulikuwa mchele na mawese ya wazazi. Lakini kilichonishika si mchele. Sokoni watu walianza kuniita Madame. Mimi! Wa mwaka wa tatu!

Nyumbani hakuna aliyeniita hivyo. Nyumbani nilikuwa mke wa kwanza wa Ramazani, maana yake wa zamani. Mke wa pili alikuwa Mama Asha, na Zaina ni binti yake. Tulikaa lupango moja, yaani ua mmoja, majiko mawili. Nyumbani Zaina aliniita Mama mukubwa, shuleni aliniita Madame, na hakuchanganya. Mtoto mwenye adabu. Ningependa kuwaambia kwamba alikuwa mjeuri, ingenisaidia hapa.

Zaina alikuwa anajua kushona kuliko wote. Siku moja, mtihani wa kutafuta diploma umekaribia, Perefe Amisi aliingia darasani na uso wa mtu anayeleta zawadi.

"Madame, umetusaidia sana," akaniambia. "Sasa Mungu amesikia. Zaina akipata diploma, yeye njo atakamata hii kazi. Wewe utapumzika."

"Perefe, Madame njo alinifundisha vyote," Zaina akasema, akacheka kwa furaha.

Na mimi nikacheka. Nilicheka vizuri kabisa. Kupumzika! Nipumzikie wapi? Kwenye jiko langu, nimtazame Mama Asha akipita na binti yake Madame?

Sasa nieleze habari ya uzi, kwa sababu kosa lenyewe liko ndani ya uzi.

Reli ilikuwa imekufa na vitu vya duka haviingii tena. Risasi zilipoanza kusikika karibu, mimi na Madame Veronika tulifukia nyuzi zote za shule ndani ya chungu, nyuma ya darasa, ili zisiporwe. Tulipofukua, za juu zilikuwa nzima. Za chini zilikuwa zimelowa zikaoza. Kwa macho zilifanana, nyeupe zote. Lakini ukivuta ile ya chini, tik! Imekatika. Zile mbovu tukaziweka kwenye kopo la maziwa, ziwe za kupiga bandi tu, ule mshono wa muda ambao fundi hushikizia nguo halafu anautoa akimaliza mshono wa kweli. Siri ya kopo tuliijua sisi wawili.

Siku ya mtihani Madame Veronika alikuwa amelala na malaria. Nikabaki mimi.

Asubuhi ilikuwa kushona robe, yaani gauni, mchana inspekta aje aitazame. Mimi njo nilikuwa nagawa uzi. Albertine nikampa mzuri. Feza mzuri. Mwajuma mzuri. Nilipofika kwa Zaina, mkono wangu ukaingia kwenye kopo la maziwa.

Watu wakikosa husema shetani aliwapitia. Mimi sikuona shetani. Niliona kopo.

Haikupita muda, Zaina akaniita kwa sauti ya chini, na siku ile alichanganya.

"Mama mukubwa, uzi unakatika."

"Njo muguu wako," nikamjibu. "Uko muzito. Kanyaga polepole."

"Polepole namna gani? Wenzangu wako wanamaliza."

"Polepole sawa muntu anatembea ku nyumba kwenye mutoto amelala."

Akakanyaga polepole. Alinitii! Jasho lilikuwa linamtiririka puani na mguu wake unakwenda taratibu, taratibu, kama nilivyosema. Akamaliza wa mwisho. Robe ilikuwa nzuri kuliko zote. Kola imekaa, mikono imekaa. Niliitazama nikajisemea kwamba pengine itashika. Mkosaji naye anakuwa na matumaini.

Mchana akaja Inspekta Kalonda, mtu mrefu aliyefika kwa baiskeli kutoka Kibombo na hakuwa na furaha nayo. Kila msichana alimvalisha mwenzake nguo aliyoishona. Zaina alimvalisha Albertine.

"Inua mikono," Inspekta akamwambia Albertine.

"Yote mbili, Monsieur?"

"Uko nayo ngapi?"

Albertine akainua mikono. Tik, tik, tik! Robe ikafunguka upande wa kushoto, kutoka kwapani mpaka kiunoni. Upande wa kulia ukangoja kidogo, kisha nao ukafuata, na mishono ya mabega pamoja nao. Darasa likaangua kicheko. Albertine akajikumbatia, akakimbilia nyuma ya mlango na mikono ya robe imebaki mikononi mwake kama soksi.

"Hii njo robe ao njo pazia?" Inspekta akauliza.

Perefe Amisi akanigeukia. Uso wake ulikuwa umeharibika. "Msaidizi, uzi ulikuwa namna gani?"

Zaina akaniangalia. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Aliniangalia kama mtu mwenye kiu anayeona ndoo inaletwa.

"Uzi ulikuwa mumoja kwa wote," nikasema.

Ole wangu! Maneno machache hivyo! Inspekta akaandika sifuri, na bila mtihani ule diploma haipatikani. Zaina akainama, akaanza kuokota vipande vya uzi sakafuni, sababu mimi mwenyewe nilimfundisha kwamba fundi haachi sakafu chafu.

Nyumbani Ramazani hakuuliza mengi. "Muguu muzito, kichwa kizito," akasema. "Aolewe."

Mama Asha alilia mpaka sauti ikaisha. Halafu akapika. Sahani ya kwanza, wali na sombe, akaniletea mimi.

"Dada, kula," akaniambia. "Wewe njo ulimufundisha. Huzuni hii iko yako pia."

Nilikula. Nilimaliza sahani.

Zaina akaozwa kwa Selemani, mchimba madini wa Punia. Aliondoka amekaa nyuma ya baiskeli, makasi yake ameyafunga ndani ya kitenge. Akanipungia mkono mimi kabla ya mama yake. Baadaye majeshi yakagawana nchi, njia ya kaskazini ikafungwa, na habari zake zikakatika.

Mama Asha akaanza kuugua. Kila mtu aliyetokea upande ule, hata muuza kuni, alimwuliza kama barabara ya Punia imefunguliwa. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake na kitambaa cha maji. Alikufa akiwa bado anauliza. Mwili tuliuosha mimi na wanawake wengine wa msikitini, tukamvika sanda. Sanda haina mshono. Nilishukuru.

Na ile kazi je? Ile kazi ambayo kwa ajili yake nilifanya kosa lile! Kabla mwaka haujaisha, watu wenye bunduki waliingia shuleni wakafungua cherehani, wakabeba vichwa, wakatuachia miguu. Darasa zima la miguu ya chuma. Perefe Amisi akafunga upande wa ushonaji. Nikarudi jikoni kukaanga mikate ya mafuta, na sokoni nikawa mama wa mikate. Yule Madame alikuwa amekwisha.

Vita ilipotulia, Zaina akarudi. Mjane, makasi yaleyale. Ramazani naye alikuwa ameshakufa, kwa hiyo mzazi aliyemkuta ni mimi. Alinikumbatia mlangoni akalia begani mwangu kwa ajili ya mama yake. Nikampigapiga mgongo. Mkono uleule!

Shule ilipopata cherehani mpya akaenda kuomba kazi. Wakatazama mikono yake, wakasifu. Wakauliza diploma. Haiko. Basi wakamfanya msaidizi wa mwalimu. Kazi yangu! Anatia uzi, anapaka mafuta, anasema "nyoosha, nyoosha." Wasichana anaowafundisha wanapata diploma, na mmoja wao amerudi akawa mwalimu, sasa anamtuma Zaina alete chaki.

Hayo yote nilikuwa nimeyameza. Mtu anaweza kumeza mengi. Lililokataa kushuka ni hili.

Mjukuu wangu Sifa, anayeniita Koko, anasoma ushonaji pale kwa Zaina. Siku moja nilimkuta nyumbani kwenye cherehani, anakanyaga kama mgonjwa aliyetoka hospitali jana.

"Sifa, unangojea nani?"

"Koko, njo namna ya kushona. Muguu muzito unakata uzi."

"Nani alikuambia?"

"Madame Zaina! Anasema muguu njo ulimukosesha diploma. Kila mwaka, siku ya kwanza ya masomo, anatuambia hivyo mbele ya kutia uzi. Iko sheria ya kwanza."

Nilikaa chini.

Mguu haukati uzi mzima! Mjomba Shabani alikuwa anakanyaga kama anakimbizwa na nyuki, na nguo zake zilizeeka kabla ya mishono yake. Zaina alichukua uongo wangu akaufanya somo. Ameufundisha kwa imani, mwaka baada ya mwaka, na mafundi wa kike karibu wote wa mji huu wamepitia kwake. Kama robe yako ya Idi au ya Noeli ilichelewa hapa Kindu, usimgombeze fundi. Njoo unigombeze mimi.

Nimejaribu kumwambia kwa mdomo. Nafika kwake nimejipanga, nasema, "Zaina, iko neno." Anasema, "Keti kwanza, Mama mukubwa, maji ya chai iko moto." Ninakunywa chai, ananionyesha miguu yake kwamba inavimba, anasema, "Miguu hii! Ilinikosea toka zamani." Halafu narudi nyumbani. Nimekunywa chai nyingi sana.

Na bado kila Idi ananishonea robe, hataki nilipe kitu. Akishaniaga na kuondoka, nafunga mlango, nashika mshono wa kwapani, navuta kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo. Haujakatika hata mara moja.

Kwa hiyo nawaandikia ninyi. Gazeti likifika Kindu linakuwa limeshazeeka. Wauza samaki wanafungia, na yanayobaki Zaina anayanunua akatie patroni, zile karatasi za kupimia kitambaa. Ana tabia moja tangu utoto: hakati karatasi yenye maandishi kabla ya kuisoma. Siku moja ukurasa huu utalala juu ya meza yake.

Ninyi mnaosaidia walimu, na ninyi walimu wenyewe, sikieni mama wa mikate. Mtoto akikuuliza kwa nini kazi yake inakatika mkononi, mwambie kweli, hata kama kweli yenyewe ni wewe. Mimi uongo wangu ulikuwa mdogo, nilidhani utakufa siku ileile. Leo unafundishwa shuleni!

Na wewe Zaina, binti wa Mama Asha, ukifika hapa weka makasi chini. Uzi haukuwa mmoja kwa wote. Wako ulitoka kwenye kopo la maziwa, na mkono ulioutoa ni wangu. Mguu wako haukuwa na kosa lolote. Kanyaga unavyotaka.

Chai usipike. Njoo tu, usimame mlangoni, uniite kwa jina lolote utakaloona linanifaa. Nitaitika.