Boga la Felomena Baada ya Mwaka wa Vibuyu

Mwamini Saburi anasema aliviona kwa macho yake mwenyewe. Ilikuwa Oktoba 31 mwaka jana, jua linazama, naye anatoka bombani na ndoo yake. Kwenye kamba ya nguo ya jirani yake vilining'inia vibuyu vitatu vyenye macho, na macho yanawaka moto.

"Kimoja kiligeuka, kikaniangalia," anasema. "Ndoo niliiacha palepale."

Jirani huyo ni Felomena Stefano, au mama Ernest, mshonaji mwenye miaka 49. Habari ya vibuyu haikatai. Anasema mle ndani aliwasha vipande vya mishumaa, na kilichogeuka kiligeuzwa na upepo. Ila tangu siku hiyo watoto wa mtaa wamekatazwa kukanyaga kwake katika jioni anayoipenda kuliko zote.

Saa kumi na mbili asubuhi, mjini Nachingwea, Felomena bado hajagusa cherehani. Yuko nyuma ya nyumba, anageuza maboga manne juu ya kichanja. Analigonga moja kwa kidole, anatega sikio, analirudisha. Anafanya hivyo kila wiki tangu Juni, maana boga likilala upande mmoja linaoza.

"Watu wanalijua boga la kula," anasema. "La kulitunza mpaka Oktoba, hilo nalijua mwenyewe."

Alianza akiwa na miaka saba. Baba yake alikuwa mpishi wa mwalimu mmoja Mzungu, na watoto wa mwalimu ndio waliomwonyesha Halowini: boga linachongwa uso, watoto wanavaa vinyago, wanapita mlango kwa mlango kuomba pipi. Mwaka uliofuata familia ile ikahama. Felomena akabaki na siku yao.

Pipi hakuwa nazo, akaweka karanga. Mumewe Severini, fundi baiskeli, anatania kwamba tarehe ya harusi yao mkewe huwa anakumbushwa, lakini Oktoba 31 hajawahi kuisahau hata akiwa na malaria.

Cherehani humpa kati ya shilingi elfu sita na elfu tisa kwa siku. Vipande vya nguo vinavyobaki hashoni viraka. Anashona masikio ya sungura na pua za fisi. Watoto wakishavaa hupiga hodi na kusema mazimwi wamefika, naye kutoka ndani huwauliza mazimwi wa siku hizi wanakula nini. Karanga, watajibu, na kashata za ufuta.

Mwaka juzi alihesabu watoto 41. Mwaka jana walikuja wawili, nao ni wajukuu zake.

Maboga ya mwaka jana yalikuwa Kilimarondo, kwenye shamba la kaka yake. Tembo wakaingia, wakayamaliza yote. Felomena hakutaka siku ipite hivihivi, akachukua vibuyu vya maji alivyoachiwa na marehemu mama yake, akavitoboa macho.

"Sikufikiri," anasema, sindano ikiwa mdomoni. "Mimi niliona uso tu. Wenzangu wakaona tunguri la mganga. Na kweli, hapa kwetu nani hajui kibuyu namna ile ni cha nani?"

Siku ya pili yake alivivunja vyote vitatu mbele ya Mwamini. Haikusaidia.

Mwamini si jirani wa kupuuzwa. Ndiye nyakanga, anayewafunda wasichana wakati wa unyago, na akina mama wengi wa mtaa huu wamepita mikononi mwake. Akisema mtoto haendi, haendi. Mjukuu wake, Nasma, ndiye aliyekuwa zimwi wa mbele kila mwaka.

"Sina ugomvi na mama Ernest," Mwamini anasema. "Nguo zangu nani ananishonea? Boga nalijua, nalipika. Lakini kibuyu chenye macho hakina mchezo."

Mwaka huu Felomena aliyafuata maboga Mbekenyera kwa bodaboda, mawili mgongoni kwenye khanga na mawili mapajani, dereva akimwuliza kama hao ni mapacha wanne. Ameshona vinyago thelathini. Anataka na akina mama waje, nyama ya maboga wapike futari ya karanga mchana, watoto wapate nyuso jioni.

Zimebaki siku mbili. Alasiri, Felomena anavuka uwanja akiwa amebeba boga kubwa kuliko yote, na kisu. Mwamini yuko barazani anachambua ufuta. Wanasalimiana, wanaulizana hali za nyumbani, halafu Felomena anapiga magoti na kuliweka boga mbele yake.

"Bibi Nasma," anasema, "naomba jicho la kwanza ulikate wewe. Ukiona humo ndani kitu zaidi ya mbegu, sirudii tena mpaka naingia kaburini."

Mwamini anasukuma ungo pembeni. Analivuta boga mapajani, analigonga kwa kidole, anatega sikio.

Kisu kiko mkekani, kati yao.