Pikapu Iliyolala Kichwa Chini

Katika gereji yetu kila fundi ana jina la utani, na huyu tunamwita Fundi Eti. Ukimletea gari bovu, hafungui boneti kwanza. Anavuta kigoda, anakaa mbele yako, anaanza: "Eti, linakataa likiwa baridi au likiwa la moto? Eti, ukipiga starta linazunguka au liko kimya?" Wateja wenye haraka hukasirika. Mmoja aliwahi kumwambia, "Mzee, nimeleta gari, sikuja kuposa." Yeye alicheka naye, kisha akarudia swali lilelile.

Mimi ni mpaka rangi. Mambo ya injini siyajui, na maneno yangu ni machache, ndiyo maana wananiita Bubu. Lakini kibanda changu kinatazamana na kigoda chake, kwa hiyo nimemsikiliza kwa miaka mingi kuliko mtu yeyote pale.

Gereji aliianzisha yeye. Akamfundisha kazi mtoto wa dada yake, na mpwa alipoiva akamkabidhi funguo. Baadaye kiharusi kikampiga. Mdomo ulipona, mguu ukawa wa kujikongoja, ila mkono wa kulia ulibaki ukining'inia kama shati kwenye kamba. Alirudi kazini hivyohivyo. Akijaribu kufungua plagi kwa mkono wa kushoto, spana inamponyoka na kutumbukia katikati ya injini, na fundi mwingine anaacha kazi yake kuitafuta. Mwishowe kigoda chake kikahamishiwa nyuma, kwenye matairi makuukuu, ili asije akaumia. Ndivyo tulivyosema.

Siku moja mpwa wake akamwendea huko nyuma, akachuchumaa.

"Mjomba, mama amekuandalia chumba kwake. Jumamosi nitakupeleka ukapumzike."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Si kwa ubaya, Mjomba."

"Najua si kwa ubaya." Alikuwa akiukunjua mkono wake mbovu, kidole baada ya kidole. "Lakini kule kwa dada nitamuuliza nani maswali? Kuku?"

Mafundi waliosikia walicheka. Yeye hakucheka.

Wiki hiyohiyo akaja Mama Mikate. Huyu mama husambaza mikate madukani kabla hakujapambazuka, kwa pikapu ya zamani yenye kabureta. Alikuwa amekwisha kuja mara mbili kwa ugonjwa uleule: asubuhi gari haliwaki. Tukabadilisha plagi. Tukabadilisha betri. Sasa amerudi, na kabla hajashuka tulijua leo tutakoma.

"Mnanifanya mtoto mdogo? Asubuhi nalipigia starta mpaka majirani wanatoka na kanga mabegani. Nikilileta hapa, tazama!" Akazungusha ufunguo. Injini ikawaka papo hapo, safi kabisa. "Umeona? Hapa linawaogopa!"

Mpwa akajikuna kisogo. "Mama, hili gari ni zima."

"Basi mgonjwa ni mimi."

Sauti ikatoka kule kwenye matairi: "Eti, mama, hilo gari linalala wapi?"

"Mzee, hilo ni gari, si mume wa mtu," fundi mmoja akadakia, na gereji nzima ikaangua kicheko.

"Linalala nyumbani, lingelala wapi?" Mama Mikate akajibu.

"Nyumbani pakoje? Tambarare?"

"Tambarare ya wapi? Kwangu ni mlimani. Naliegesha limetazama chini, ili likigoma niliachie literemke, liwakie njiani."

"Na linawakia njiani?"

"Likikaribia kufika chini. Linakohoa kwanza, linatoa moshi mweusi kama jiko la kuni."

Fundi Eti akasimama, akashika fimbo yake. "Ulianza lini kuliegesha hivyo?"

"Tangu betri ya zamani ilipoanza kuchoka. Sasa nina mpya, lakini nimeshazoea."

"Nipeleke nikalione kitandani kwake."

Mpwa akashusha pumzi. "Mjomba..." Kisha akanitazama mimi. "Bubu, nenda naye. Uwe mikono yake, asije akaanguka."

Kwa Mama Mikate kweli ni mlimani. Aliegesha kama kawaida yake, pua chini, akaweka jiwe kwenye gurudumu. Fundi Eti akaniambia nitoe chujio la hewa juu ya kabureta.

"Fungua hiyo nati. Kushoto. Kushoto!"

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Kumbe Bubu anasema! Kushoto kwa nati, bwana."

Nikamulika tochi kwenye koo la kabureta. Pakavu. Tukaketi barazani, tukaletewa chai, tukangoja. Kila nilipotaka kuinuka, alinigusa goti nikae. Chai ilikuwa imekwisha na vikombe vimeoshwa aliposema, "Haya, kachungulie."

Harufu ilinipokea kabla ya mwanga.

"Unaona nini?"

"Petroli. Inadondoka. Tone... na jingine."

Alifumba macho kama mtu aliyepewa salamu njema kutoka mbali. Kisha akamwita mwenye gari.

"Mama, ndani ya kabureta kuna kisindano kinachofunga petroli ikishatosha. Chako kimechakaa, hakifungi vizuri. Mahali tambarare hutajua, kwa sababu petroli haina pa kuteremkia. Hapa tenki lako liko nyuma, juu, na kabureta iko chini. Usiku kucha inateremka tone kwa tone. Asubuhi injini imelewa chakari, na wewe unaipigia starta. Eti, hata wewe, ukilala kichwa chini miguu juu mpaka alfajiri, utaamka vizuri?"

Mama Mikate akashika kichwa. "Yaani dawa ndiyo iliyokuwa ugonjwa!"

Tuliporudi gereji nilifungua kabureta kwa mikono yangu yenye rangi, yeye akiniongoza kwa mdomo: "Taratibu, hicho si msumari." Kisindano kilipotoka, mpwa alikuja akakiweka kiganjani. Ncha yake ilikuwa imelika, ina alama ya pete kuizunguka.

"Sikumuuliza linalala wapi," akasema, kama anajiambia mwenyewe. Halafu akaenda kuleta kingine.

Lakini safari ya Jumamosi hakuifuta. Mjomba naye hakuuliza. Mimi nikarudi kwenye rangi zangu.

Jumamosi Fundi Eti alikuja na shati safi na mfuko wake wa nguo, akakaa langoni. Mama Mikate alisimama hapo na pikapu, injini ikinguruma vizuri, akamwachia mkate wa njiani. "Limelala kichwa chini makusudi, nilijaribu," akasema. "Limeamka kwa ufunguo mmoja. Wewe wapi na mfuko?"

"Kupumzika."

"Umechoka nini?"

Kabla hajajibu ikaingia teksi ya zamani, dereva wake akilalamika kwamba gari linamzimikia ovyo. Mpwa akafungua boneti, akachukua spana. Akasimama nayo. Akafunga boneti tena.

"Mjomba."

"Mimi ni msafiri."

"Muulize kwanza huyu, ndipo twende."

Fundi Eti akamgeukia dereva. "Eti, linazimika ukiwa mwendoni au ukisimama?"

Mazungumzo yalikuwa marefu, na dereva alikasirika mara mbili. Katikati yake mpwa alienda kwenye matairi, akarudi na kigoda, akakiweka langoni nyuma ya mjomba wake. Mjomba akakaa bila kugeuka, akaendelea kuuliza.

Mimi niliuchukua ule mfuko usije ukakanyagwa, nikautundika kwenye msumari kibandani kwangu. Bado uko pale, una madoa ya rangi ya kila gari nililopaka tangu siku ile. Hajawahi kuniuliza uko wapi, na huyo ni mtu anayeuliza kila kitu.