Nilimsingizia Wifi Kunikatia Nyanya

Siku ile bustanini Janga, enzi za vijiji vya ujamaa, tulikuwepo hawa: mimi mkosaji; Zaituni wifi yangu, yaani dada wa mume wangu; mzee Athumani, balozi wa nyumba kumi, aliyemuoa shangazi yangu, na Elia, bwana shamba, aliyekuja na baiskeli kutoka Mlandizi.

Kila mama alikuwa na tuta lake la nyanya. Langu likawa linanyauka mche mmoja mmoja, shina limechanika chini. Nikapayuka kijiji kizima: Zaituni ananikatia, ana wivu! Balozi akasema ikithibitika ananyang'anywa tuta. Na nyanya zake ndiyo zimeanza kuiva!

Jamani, nilikuwa najua! Siku mbili kabla Elia hajaja, nikipalilia huku macho yako barabarani nione nani kashuka kwenye basi, nikasikia jembe, kwach! Kuinama, shina linatoka maji. Kumbe mimi! Nikalifukia, nikanyamaza. Ningesema nini, na maneno yangu yalishafika Ruvu?

Elia akachuchumaa, akafukua. "Sota, yule kiwavi wa udongoni, hutafuna, huacha alama za meno. Hili ni jembe. Na majeraha yote yamelala upande mmoja. Nani hapa ana mashoto?"

Wote wakanitazama mimi.

"Nilishaacha," nikasema.

"Haya mwanangu," akasema mzee Athumani, "palilia tuone."

Nikashika jembe kwa mkono wa kulia, najitia fundi. Pigo la kwanza tu, kwach! Mche wangu mzuri kuliko yote ukalala chini.

Zaituni alicheka mpaka akakaa kwenye matope. "Wifi! Na huo nimekukatia mimi?"

Aibu niliyoipata! Tuta langu akapewa yeye. Msimu mzima nikawa naenda kwake kuomba nyanya ya mchuzi, naye ananijibu, "Kachume mwenyewe wifi, ila jembe liache nyumbani."

Keshatangulia mbele ya haki, na neno la samahani sikumpa. Hilo linaniuma.

Wajukuu zangu, karibu na shina ng'oeni magugu kwa mkono. Jembe likae mbali, shubiri nzima. Na mche ukinyauka, fukueni mtazame jeraha kabla hamjataja jina la mtu!

Kama kuna jina nimelikosea, aliyekuwepo anisahihishe. Pengine bwana shamba hakuwa Elia. Ila kwenye habari ya jembe, hapo sijakosea.