Bomba la Utepe Mwekundu

Darlene Wiebe aliacha udereva wa lori akiwa na miaka hamsini na mbili, akaingia chuo cha kilimo huko Manitoba kusomea bustani. Barabara zenye barafu hazikuwahi kumtisha. Lakini asubuhi hii, ndani ya banda la vioo, alichokiona kilimtisha.

Miche mia tatu ya nyanya, ile ya kuuzwa Siku ya Akina Mama, ilikuwa imejikunja majani yote.

Alijua mara moja kuwa kosa ni lake. Juzi aliinyunyizia mbolea ya maji kwa bomba la kunyunyizia alilolikuta karibu na sinki. Chuoni hapo mabomba yote yanafanana. La dawa ya magugu tu ndilo hufungwa utepe mwekundu mpinini, na hata ulisuuze mara kumi, halipelekwi kwenye mimea.

Mwalimu Halvorsen akaingia, akainama, akageuza jani.

"Nani kainyunyizia hii?"

"Mimi, Mwalimu. Nifukuze tu."

"Nikufukuze nibaki na nani? Kila mwaka hakosi mmoja!" mzee alinguruma. "Utepe hukuuona?"

"Niliuona, sikujua maana yake. Ulikuwa umechakaa, gundi inanishika mikono. Nikaubandua."

Uso wa Halvorsen ukapauka. "Na bomba umeliweka wapi?"

"Kwenye rafu. Pamoja na mengine."

Kutoka banda la pili, la waridi, walimsikia mtu akinyunyiza kwa bomba, taratibu, huku akiimba.