Risasi Ndogo za Verna

Verna Halvorsen hajui kukaa. Miaka ishirini na sita nimekuwa jirani yake hapa Alder Creek, kaskazini mwa Wisconsin, na sijawahi kumwona akimaliza kahawa akiwa kwenye kiti. Anakunywa huku anatembea, anakiweka kikombe juu ya boneti ya gari la mtu, anakisahau, kisha anazunguka kukitafuta huku akimlaumu mwenye gari. Majira ya baridi anaendesha lori la kaunti la kusukuma theluji. Huko ndiko anakokaa saa nyingi mfululizo, na mwenyewe anasema ni kwa sababu mkanda umemfunga.

Kitu kilichomtuliza ni bunduki. Akilala kifudifudi kwenye mkeka, mkanda wa bunduki umebana mkono wa kushoto na shavu limelala kwenye kitako, mwili wote unanyamaza. Nilimwonea wivu kwa hilo. Mimi nikilala hivyo ndipo mawazo yananijia yote kwa pamoja, mpaka bomba la jikoni linalovuja.

Sote wawili tulikuwa tunaifukuzia beji ya mlengaji bingwa. Haipatikani kwa siku moja. Unaokota pointi mashindano kwa mashindano, na kila mara wanapewa wachache wa juu tu, kati ya wale ambao hawajaipata. Verna alibakiza shindano moja zuri. Mimi pia, ila mimi nimebakiza hilo moja kwa miaka kumi na moja. Jina langu ni Duane Skaar, na anayetaka kucheka acheke.

Majira ya baridi yaliyopita mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Sio kidogo. Kijiko kiligonga sahani mezani mpaka watu wakageuka. Daktari alimwambia dawa zitaupunguza mtetemo, hazitauondoa, na kila mwaka utazidi. Verna akapiga hesabu yake mwenyewe: kiangazi hiki, basi.

Ndipo akanunua kipande kingine cha juu cha bunduki. Bunduki zetu hizi zimegawanyika pande mbili. Ya chini ina kitako na kifyatulio, ya juu ina mtutu na vilengeo, na vimeshikwa kwa pini mbili tu. Unaitoa ya juu iliyo ya risasi kubwa, unaweka nyingine ya risasi ndogo zile za kuwindia kindi, na kwa bei ya risasi moja kubwa unafyatua saba. Kitako ni kilekile na kifyatulio ni kilekile, ila haikusukumi begani. Alichapisha shabaha ndogo za ukubwa wa sahani ya chai, akazisimamisha kwenye shimo la kokoto nyuma ya nyumba yake, na tangu theluji ilipoyeyuka sikupata jioni ya amani. Tak. Tak. Tak.

"Verna!" nilimpigia kelele juu ya uzio. "Kindi wa kaunti nzima wamehama kwa ajili yako!"

"Wamehamia kwako, Skaar. Wamesikia huko hata wakisimama hawapigwi."

"Hicho ni kitu cha watoto, mama. Bunduki isiyokusukuma begani itakufundisha nini?"

"Inanifundisha kujua risasi imekwenda wapi kabla sijaambiwa. Wewe unasubiri kuambiwa."

Hilo lilinichoma. Kila alipofyatua alitamka kwa sauti mahali risasi ilipopiga, halafu ndipo aliangalia kwa darubini. Kulia kidogo. Katikati. Chini, nimevuta. Kufikia Juni alikuwa hakosei.

Siku ya mashindano tulikwenda na gari langu, mwendo wa saa mbili kusini. Njia nzima alifungua na kufunga sanduku dogo la dashibodi. Tulipofika tukakuta soseji zinachomwa, upepo mwepesi, na wazee wa klabu wakishuka handakini kushusha na kupandisha shabaha. Tulipangiwa shabaha moja. Mimi zamu ya kwanza, yeye amekaa nyuma yangu akiandika alama zangu, kisha tubadilishane.

Alifungua begi la bunduki yake ili ikaguliwe. Akalifunga, akalifungua tena.

"Skaar," alisema. "Nimeleta kindi."

Jana yake jioni alifanya mazoezi ya mwisho. Kipande cha risasi kubwa alikisafisha, akakiviringisha kwenye taulo la kuogea, akakiacha juu ya meza ya jikoni. Tangu theluji iyeyuke mikono yake ilizoea kuweka kile kidogo, na asubuhi ilibeba kilichozoeleka. Mazoea yana tabu, wahenga hawakukosea. Mbele yetu risasi hamsini kubwa, na mtutu usioweza kuzipokea hata moja.

Alizunguka gari mara tatu. Mkono ulikuwa unatetemeka hadharani sasa, hakujali kuuficha.

"Chukua kipande changu nikimaliza," nilimwambia. Kwetu hivyo ndivyo ilivyo. Mtu akikwama uwanjani unampa ulichonacho, hata kama anakuja kukushinda. Nililisema upesi, kabla sijapata muda wa kuwaza.

Nililenga vizuri kuliko miaka yote. Nilipata mia nne na sitini kati ya mia tano. Zamu ya kwanza ilipofungwa nilikuwa wa tatu, na watatu ndio wangepewa pointi. Katika zamu ya pili hakukuwa na wa kunigusa ila mtu mmoja, naye alikuwa ananingoja nichomoe pini mbili.

Nilimpa. Nikamsomea vipimo vyangu vya vilengeo kutoka kwenye daftari, kwa kila hatua ya mashindano, bila kupunguza wala kuongeza. Akaviandika kiganjani kwa kalamu.

"Kuna kingine cha kujua?"

Kilikuwapo. Mtutu wangu ukipata moto huvuta kushoto. Katika hatua ya mwisho, zile risasi ishirini za mojamoja, lazima ugeuze kilengeo mara mbili kulia. Hilo halimo daftarini kwa sababu limo kichwani mwangu.

"Hakuna," nilisema.

Niseme ukweli, sikuwa nimepanga. Neno lilitoka lenyewe, na likishatoka halirudi. Nilijiambia nitamwambia akifika kwenye mkeka. Alipofika kwenye mkeka, mwamuzi alikuwa ameshatangaza: kuanzia hapo hakuna kumshauri mlengaji, anayemfundisha mwenzake wote wawili wanatolewa. Nikaishika ile sheria kwa mikono miwili.

Hatua ya kusimama alikwenda sawa. Za haraka, sawa. Mtutu ukachemka. Akalala kwa hatua ya mwisho, mwili ukanyamaza, hata mkono. Nilikaa nyuma yake na penseli, miguu yangu inachezacheza kana kwamba nimekalia siafu.

Nne za kwanza zilikuwa kumi, tisa, tisa, kumi, nzuri. Baada ya ile ya tano shabaha ilishuka handakini, ikapanda na kisahani cha kuonyesha tundu: kushoto, nane. Nikaandika. Ya sita, kushoto zaidi, saba.

Nilimsikia akinong'ona peke yake, "Hapana. Ile ilikuwa katikati."

Mtu mwingine angejilaumu. Angesema mkono umeanza, bega limelegea, akaanza kuwinda katikati kwa kubahatisha. Mimi ningefanya hivyo. Verna alikuwa amefyatua risasi ndogo elfu sita kwenye lile shimo la kokoto, na alijua risasi yake ilikokwenda. Akainua mkono, akageuza kilengeo. Tik, tik. Kulia.

Ya saba, kumi. Zilizobaki sikutaka kuzitazama, lakini kazi yangu ilikuwa kuandika.

Mia nne sitini na moja.

Watu walitaka kumkumbatia, akawakwepa, akaenda kutafuta kikombe chake. Nilimkuta nyuma ya gari langu akisafisha mtutu wangu kwa kitambaa, mkono wa kulia unagongagonga chuma.

"Hongera," nilisema.

"Dude lako linavuta kushoto likipata moto. Ulikuwa unajua?"

"Sikujua."

Alisugua kidogo. Kisha akanikabidhi kile kipande, kisafi kuliko nilivyompa.

"Asubuhi nilikaa nyuma yako, Skaar. Nilikuona ukigeuza mara mbili kulia. Nilipokuuliza kama kuna kingine, nilikuwa nauliza hilo."

"Sasa mbona hukugeuza mwanzoni?"

"Ulisema hakuna," alijibu. "Nikadhani uligeuza kwa ajili ya upepo. Nilikuamini mpaka risasi ya sita."

Akaingia garini, akafunga mkanda, na saa mbili zote za kurudi nyumbani alikaa ametulia.