Wembe Mpya, Mkono wa Jirani

Juzi, katika duka la dawa Ukunda, bibi mmoja aliomba wembe mpya, tena ulio ndani ya karatasi yake. Kando yake binti yake alimpakata mtoto mchanga aliyelia bila kunyamaza.

"Wa kumnyolea nywele?" aliuliza muuzaji.

"Wa ulimi. Umeshikwa kwa chini, hawezi kunyonya. Jirani atamkata nyumbani, na wembe nitauchemsha mwenyewe."

Foleni nzima tulisahau shida zetu. Muuguzi mmoja, bado amevaa sare, alisogea mbele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Kuuchemsha ni vyema. Na damu isipokoma, jirani atafanya nini?"

 Bibi aliusukuma wembe uliokuwa juu ya kaunta kwa kidole kimoja mpaka upande wa muuzaji.

"Twende hospitali," alimwambia binti yake.

Tulitoka mbio watu watatu kuwaitia tuktuk, kila mmoja akipunga mikono kama aliyeporwa simu. Mimi nilikuwa nimekwenda kununua dawa ya kichwa. Nilirudi bila dawa, na kichwa hakikuuma tena.

Wembe mpya hupatikana duka lolote. Mkono wa kuushika hauuzwi kaunta.