Hati Ambayo Muthoka Aliidai

Tarehe 14 Machi 2023, Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi, watu kumi na tisa, Muthoka akiwemo, walikuwa wakichimba mitaro na matuta ya kuzuia mmomonyoko katika shamba lake, huko Kalama. Zamu ya mwethya, yaani kazi ya ujima, ilikuwa imemfikia mgane huyo. Kwa miaka thelathini alikuwa tarishi wa mahakama mjini Machakos, akipeleka hati za kukamata watu, na aliamini kwamba pasipo hati hakamatwi mtu.

Askari wawili wakaingia shambani.

“Mzee Muthoka,” akasema Koplo Wambugu, “unashukiwa kupokea fahali wa wizi. Mlalamikaji ameitambua alama ya sikioni. Twende kituoni.”

“Hati iko wapi, kijana?”

“Kwa kosa kama hili, nikiwa na sababu ya maana ya kukushuku, sheria hainidai hati. Inanidai nikueleze sababu, nayo nimekueleza. Una haki ya kunyamaza na ya kupata wakili. Ndani ya saa ishirini na nne utafikishwa mahakamani au utaachiliwa.”

“Umewabebea wenzako hati maisha yako yote,” Kasyoka, jirani yake, akamtania, “leo umejisahau mwenyewe?”

Watu wakacheka. Muthoka hakucheka. Aliketi ndani ya mtaro, akashika mpini wa jembe, akakataa kuinuka. Basi akainuliwa kwa makwapa na kutiwa pingu, na kicheko kikakoma.

Kesho yake asubuhi Yahye, mchuuzi wa mifugo aliyemuuzia, alileta kibali kilichoonyesha fahali alikotoka. Mlalamikaji akakiri kwamba alikosea alama. Muthoka akaachiliwa bila shtaka.

Hata hivyo, majirani hawakuzungumzia kibali. Walizungumzia mtaro.

“Asiye na hatia huenda kwa miguu yake,” walisema.

Muthoka alipita nyumba kwa nyumba akiomba zamu yake imaliziwe, maana mvua zilikaribia. Jumanne, tarehe 28, alipika isyo, mahindi na maharagwe, sufuria kubwa mbili. Saa nne akaja Mbula, mwenyekiti wa mwethya.

“Nau, baba, wamenituma. Zamu imehamia kwa Ngina.”

“Nawe wasemaje?”

“Mimi nimetumwa tu.”

“Basi kula kwanza.”

“Wananingoja, Nau.”

Muthoka akashuka mtaroni, akaanza kuchimba. Walioalikwa, kumi na wanane. Aliyefika, mmoja. Aliyebaki, Muthoka.